Pangaboi la Nyuma

"Shemeji, hilo pangaboi mbona umelifunga matakoni?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Kepas, mdogo wa marehemu mume wangu, bila haya, mbele ya binti yangu Serah. Serah ni mwalimu. Ndiye aliyeleta kwenye kompyuta yake ule mchezo wa kuunda ndege. Unachagua injini, pangaboi la kuisukuma ndege, mabawa na magurudumu, unaunganisha, kisha unajaribu kuruka.

"Linasukuma badala ya kuvuta," nikamjibu.

"Litakusukuma mpaka mtoni. Hiyo ikiruka, Jumapili naingia kanisani."

Nikaweka kiazi changu chini. Tangu tumzike kaka yake, mwaka wa nne huu, Kepas hajakanyaga kanisani. Nimemwombea mpaka magoti yameota sugu.

"Serah, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nikajaribu mara sita. Mara zote sita ndege ilikimbia hadi mwisho wa uwanja ikatumbukia majini, na Kepas akacheka na popoo anayotafuna mdomoni mpaka ikampalia.

"Ifundishe kuogelea basi, shemeji!"

Nilikuwa nautazama tu ule uwanja. Mara ya saba ndipo nilipouliza, "Serah, huu uwanja mbona hauna mteremko?"

"Viwanja vya wenzetu viko bapa, mama."

Nikajishika kichwa. Huku kwetu milimani Simbu uwanja umeinama kama paa la nyumba. Ndege inateremka mbio, inadondokea bondeni, na kule kudondoka ndiko kunakoipa mwendo. Nilikuwa nimeunda ndege ya kwetu, mabawa mafupi, inangoja genge la kudondokea ambalo halipo. Na Kepas, aliyefyeka nyasi za uwanja wetu miaka yote, naye hakuona.

Nikarefusha mabawa na miguu ya magurudumu ili pangaboi lisigonge chini, nikasali kimoyomoyo. Ikakimbia, ikanyanyua pua, ikapaa! Serah akapiga kelele za furaha. Nami, Mungu anisamehe, nikamtolea shemeji ulimi.

"Umebadilisha mabawa," akasema. "Hiyo siyo ile."

"Ulichokicheka ni pangaboi. Lipo palepale, matakoni."

Serah akajikunja kwa kicheko. Kepas akaitazama ndege ikizunguka, akajifuta mdomo.

"Ibada saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Shati la kaka bado unalo? Lile jeupe?"

Nikaingia chumbani nikamletea. Akalipokea kwa mikono miwili, akatoka nalo.