Gari la Kaka Limegoma

Nilianza na betri kwa sababu nilitaka iwe betri. Nimekuwa fundi magari miaka ishirini na miwili, na najua kabisa kuwa ubovu wa gari hautafutwi kwa kutamani. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeinamia injini ya marehemu kaka yangu nikiiomba inipe kosa lolote, hata la kipuuzi, mradi lisiwe lile lililokuwa kichwani mwangu.

Shemeji, mke wa kaka, alisimama mlangoni mwa banda la gari ameshika kikombe cha chai ambacho wala hakuwa anakinywa. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu tuzike. Kaka alianguka bafuni alfajiri, mdomo ukapinda, maneno yakamwishia. Shemeji na jirani wakambeba mpaka garini, na gari likagoma. Shemeji akazungusha ufunguo mpaka betri ikaisha nguvu. Gari la kukodi lilifika baada ya saa nzima. Halafu daktari, ambaye nadhani hajawahi kuambiwa kuwa kunyamaza nako ni kazi, akamwambia kuwa saa ile moja ndiyo ingemwokoa.

"Nataka kujua tu kama ni mimi," alisema shemeji. "Kaka yako alikuwa akinitania, eti nakanyaga mafuta kama naua mende. Labda nililimwagia mafuta mengi, injini ikalowa."

"Ngoja kwanza, shemeji. Bado sijasema kitu."

Nikafunga betri niliyokuja nayo. Injini ikazunguka vizuri kabisa, lakini haikuwaka. Nikachomoa plagi moja, nikaigusisha kwenye chuma, nikamwomba azungushe ufunguo. Cheche ikaruka, kali na safi. Nikazitoa plagi zote nne nikazinusa. Zilikuwa kavu, hazina hata harufu ya petroli.

Basi nikainua kiti cha nyuma, nikalaza sikio juu ya tangi. Nilimwambia afungue ufunguo bila kuwasha. Pampu ya mafuta ilitakiwa ivume sekunde mbili tatu. Ilikuwa kimya. Nikabaki nimelala pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana kwa jinsi nilivyolala hakuna aliyeweza kuuona uso wangu.

Pampu ile ilipitia kwenye swichi, na swichi hiyo niliifunga mimi. Miaka minane nyuma wezi walijaribu kuondoka na gari lile, na kaka, aliyezoea kuniita Spana, akaniambia, "Spana, nifanyie kitu." Nikaukata waya wa pampu nikaupitisha kwenye swichi ndogo ya siri. Ukiizima, mwizi atazungusha ufunguo mpaka achoke. Nikampa onyo tunalowapa wateja wote, kwa ile sauti yetu ya wajuaji: usimwambie mtu yeyote, hata mkeo. Kaka alinibishia kila kitu tangu utotoni, lakini hilo moja akalishika. Kila usiku aliizima. Kila asubuhi alitangulia yeye kuliwasha gari, ndipo akampa mkewe ufunguo, akimwambia kuwa gari kuukuu linataka kupashwa moto na mwenyewe. Shemeji aliwahi kunisimulia hayo akicheka, akisema mume wake anamdekeza.

Ningeweza kudanganya. Pampu imekufa, shemeji, hata mimi nisingeliwasha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu asiyelala, na sikuvumilia kumwona akijihukumu kwa kosa langu.

"Si wewe," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote, ya swichi na ya onyo. Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru.

"Iko wapi?" aliuliza.

Nikafungua mlango wa abiria nikamwonyesha: chini ya deshibodi, mbele ya magoti ya abiria, nyuma ya zulia lililolegea. Nikaibonyeza. Kisha nikazunguka, nikaingia upande wa dereva na kuwasha. Gari liliwaka mara moja, kama lililozimwa jana tu.

Shemeji aliweka kikombe chini, akaketi polepole kwenye kiti cha abiria. Akanyoosha mkono mpaka vidole vikagusa swichi. Akaurudisha mapajani. Akaunyoosha tena.

"Tulimkalisha hapa," alisema. "Mkono mmoja ulikuwa bado na nguvu. Akawa anaupeleka huku chini, na mimi nazungusha ufunguo. Nikadhani ananitafuta. Nikaushika."

"Shemeji."

"Kila alipouchomoa niliushika tena. Nikamwambia, tulia mume wangu, niko hapa. Akawa ananitazama na machozi yanamtoka. Nikasema maskini, ananiaga."

Injini iliendelea kunguruma bila kukohoa hata mara moja.

"Nilimshika kwa nguvu sana," alisema. "Zima gari, shemeji."

Nikalizima.