Kikapu cha Inshirah

Tafida wa ghorofa ya chini aliitikisa kamba ya kikapu kilichoning'inia kutoka roshani ya Inshirah na kuita juu, mpaka njiwa wa mtaa wa Shubra wakaruka.

"Mama Raufu, niteremshie vile vidonge vya mjukuu wako vilivyobaki. Mzee wangu mafua yamemkaba."

Ndivyo uchochoro ule ulivyoishi. Kikapu kilishuka na ndimu, kikapanda na mkate, na katikati ya mkate vidonge vilivyobaki, nusu pakiti: mimi nimepona, tumia wewe. Vidonge vya kikapu ndivyo Inshirah, huyo Mama Raufu, alivyompa mjukuu wake Nermin mkojo ulipoanza kumchoma. Viwili vitatu, mtoto akapoa, vikaachwa. Ugonjwa ukarudi, ukapanda figoni, na dawa ileile ikawa kama maji.

"Kitendawili," Inshirah alimwambia Daktari Magda kule hospitali. "Mlango ule ule, ufunguo ule ule, haufunguki."

"Kitasa kimebadilika, bibi. Bakteria wana kimeng'enya kinachonyoosha uzi wao wa uhai, wapate kuzaana. Dawa ilikuwa inakikamata, wanakufa. Sasa kati ya mamilioni huzaliwa mmoja, kimeng'enya chake kimepinda kidogo tu, dawa ikikishika inateleza. Ukitia dawa nusunusu, unamuulia wenzake na kumwachia nyumba nzima. Anazaa wa mfano wake. Si mwili wa Nermin uliozoea dawa, ni wao waliogeuka. Nimempa nyingine. Hii ikishindwa, figo hatuna. Avimalize vidonge vyote."

Na sasa Nermin alikuwa amepona machoni pa watu, anacheka na kuomba maharage, na Tafida anavuta kamba.

"Sitoi," Inshirah akasema.

"Ehe? Tangu lini ukawa bahili? Mtoto si mzima huyo, namsikia anavyopiga kelele."

"Mzima wa nje. Na mafua ya mzee wako hayaletwi na bakteria, hayasikii dawa hii hata akila duka zima."

Madirisha yakafunguka. "Amesoma udaktari hospitali," mmoja akatania, wakacheka. "Jirani kumnyima jirani dawa," mwingine akaguna. "Hatutamsahau."

"Msinisahau," Inshirah akajibu. Akamwita Nermin roshani, akamtia kidonge mkononi, na glasi ya maji. "Meza hapa, wakuone."

Nermin akameza, akatoa ulimi kuuonyesha uchochoro mzima.

"Na kesho atameza hapahapa," bibi yake akasema. "Anayetaka kutukana, awahi nafasi."

Kisha akateremsha kikapu: bakuli la supu ya dengu, moto, na ndimu mbili juu yake. Tafida alikitazama kama kitu kilichookotwa. Akakichukua, akabamiza mlango.

Jioni kamba ikatikiswa. Bakuli lilikuwa tupu, halikuoshwa.

"Supu yako haina chumvi," Tafida akasema bila kuinua uso. "Mzee kainywa yote, lakini haina chumvi."

"Chumvi nitakupa," Inshirah akasema, akivuta kamba. "Vidonge, hapana."