Siku Mheshimiwa Haragwe Alipopimwa

Usiku wa jana niliota, kwa heshima zote, kwamba maharage ya shule yetu yamefikishwa mbele ya sheria.

Mshtakiwa wa kweli alikuwa rafiki yangu Msengi. Juzijuzi alitamka bwaloni, sahani mkononi, kwamba maharage yetu yanatiwa mafuta ya taa ili wavulana tutulie. Kila shule ya bweni ina msemo huo. Lakini Msengi aliusema nyuma ya mgongo wa Mwalimu Ntandu, mwalimu wetu wa nidhamu, na mgongo wa Mwalimu Ntandu una masikio. Akaambiwa athibitishe, la sivyo afungashe sanduku lake arudi kwao. Huo ndio mzigo niliolala nao.

Basi naota nipo maabara ya kemia. Meza ni zilezile zenye majina ya wahenga waliofeli kabla yetu. Mwalimu Ntandu amekaa juu ya kabati la asidi kama hakimu, fimbo mapajani. Msengi amebanwa kiunoni kwenye kile chuma kinachoshikilia bureti. Bureti mwenyewe, ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya kupimia, amesimama kando, amekunja mikono.

"Maneno yako ni matupu," Mwalimu Ntandu anamwambia Msengi. "Na sheria ya maabara inajulikana. Kilicho kitupu hutolewa."

Ni kweli. Ukipima kitu, unapima pia chupa isiyo na kitu hicho, halafu jibu la chupa tupu unalitoa kwenye jibu la kwanza. Tulifundishwa hivyo darasani. Ila hatukuambiwa kwamba anayetolewa huanza kupotea kuanzia miguuni. Viatu vya Msengi vilikuwa vimeshakuwa kioo.

"Mwanangu, fanya haraka," ananiambia. "Magoti siyaoni."

Nikamjibu kwamba sayansi haikimbizwi. Ukweli ni kwamba sikujua pa kuanzia.

Bureti akanihurumia. Akasema sufuria nzima haipimwi. Inatakiwa sampuli, nayo lazima iwakilishe wenzake wote. Neno hilo la kuwakilisha lilipomtoka tu, ukuta ukaondoka na tukawa bwaloni, katikati ya mkutano wa kampeni. Maharage yamejaa mabenchi yote. Mgombea mmoja aliahidi chumvi kwa kila sahani. Mwingine aliahidi kwamba akichaguliwa ataiva, akazomewa kwa kudanganya wananchi. Akashinda haragwe mmoja mwenye kitambi ambaye hakuahidi lolote, na papo hapo akataka aitwe Mheshimiwa.

"Mheshimiwa," nikamwuliza, "una mafuta ya taa?"

"Kijana, mafuta ya taa yana bei," akanijibu. "Mimi hata ya kupikia sijawahi kuyaonja."

Nikamrudisha maabara na kumtumbukiza kwenye maji ya bomba, kwa sababu mafuta ya taa huelea. Kikaelea kitu kimoja tu, mdudu, ambaye alijitambulisha kuwa mkazi wa kudumu na akaomba asihesabiwe kama uchafu. Mwalimu Ntandu akatabasamu. Msengi sasa alikuwa kioo hadi kiunoni, na nyuma yake ubao ulisomeka vizuri.

Mheshimiwa alipotoka majini akaanza kutema mate. Akalalamika kwamba maji yale yana ladha ya sabuni, tena ladha aliyonayo tangu siku alipotiwa sufuriani.

"Ndiyo hiyo," Msengi akadakia. "Ladha niliyoisema mimi ndiyo hiyo."

Hapo nikakumbuka fenoftalini. Ni dawa isiyo na rangi, mpole kabisa, lakini ikikutana na magadi huona haya na kugeuka pinki. Nikamdondoshea Mheshimiwa tone moja. Akawa pinki mpaka kitambini. Bureti akaanza kumtonea asidi, tone kwa tone, huku akisisitiza kwamba yeye husomwa kwa usawa wa macho. Kwa kuwa yeye ni mrefu, sakafu ikaninyanyua. Pinki ilipoisha, nikasoma mstari.

"Magadi ya kulainishia maharage," akasema Mwalimu Ntandu. "Basi na mpishi naye anaondoka."

Mzee Shango, mpishi wetu, akaibuka kutoka kwenye sufuria akiwa na mwiko. Akaapa kwamba magadi huyaona dukani tu, na kwamba maharage yake huivishwa na kuni pamoja na subira ya wanafunzi. Hakuna aliyemwamini. Mwalimu Ntandu sasa alikuwa na watu wawili wa kufukuza, na uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bwana harusi.

Mwisho wa meza mtu akakohoa. Alikuwa Chupa Tupu, yule aliyetiwa maji ya bomba bila haragwe hata moja.

"Mimi mbona sipimwi?" akauliza.

Mwalimu Ntandu akamwambia kwamba hana kitu ndani.

"Debe tupu haliachi kuvuma," akasema Chupa Tupu. "Nami nimevuma tangu asubuhi."

Nikamtia tone. Akawa pinki. Bureti akamtonea asidi, na pinki ikaishia kwenye mstari uleule wa Mheshimiwa. Nikatoa jibu la Chupa Tupu kwenye jibu la Mheshimiwa, ikabaki sifuri. Mheshimiwa akalia kwa furaha, Mzee Shango akamfuta machozi kwa mwiko. Magadi yalikuwa kwenye maji tangu chini kisimani.

"Ulimi wa Msengi umepima sawasawa," Bureti akahukumu. "Kilichokosewa ni jina."

Magoti ya Msengi yakarudi, moja baada ya jingine.

Mwalimu Ntandu akakataa. Akasema dawa ile ni mwongo, kwamba siku hizi kila kitu kinageuka pinki, na ili kutuonyesha kuwa ni maji tu akainyakua chupa ya fenoftalini na kuimaliza. Bureti akauliza, kwa adabu sana, kama mwalimu ana habari kwamba zamani dawa hiyo walipewa watu waliofunga choo.

Kabati likaanza kutetemeka. Nikaamka.

Kwenye paredi, Mwalimu Ntandu hakuwepo. Tulimsubiri tumenyooka, Msengi pembeni yangu na sanduku lake miguuni. Hatimaye akaja kutoka upande wa vyoo, kwa hatua fupifupi za mtu aliyebeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Akapita bombani, akanawa mikono, akajipaka maji mdomoni. Alipoinua uso, midomo yake ilikuwa pinki.

Hakuna aliyecheka. Sisi ni watoto wenye maadili.

Akamwambia Msengi arudishe sanduku bwenini, kwanza maji ya bomba yakapimwe. Kisha akapita mbele ya mstari, akasimama kwangu, akaniinamia sikioni.

"Ukiniota tena," akasema polepole, "niote karibu na choo."