Kitatange wa Mzee Hilal

Sikwenda kwa Bi Radhia kutunza samaki. Nilikwenda kupika na kufua, na kwa miaka sita nimepika na kufua katika nyumba yake ya Shela, mjini Malindi, na hakuna aliyewahi kuokota unywele kwenye wali wangu. Mambo ya samaki yalikuja baadaye, Mzee Hilal, mumewe, alipopooza miguu. Duka lake akamwachia nduguye, akanunua tangi la kioo, likawekwa sebuleni mbele ya kiti chake na kutiwa maji ya bahari. Kazi ya kulisafisha nikapewa mimi bila kuulizwa.

Samaki wawili wa kwanza walikufa. Nilisikitika kidogo, lakini samaki kufa ni jambo gani katika nyumba inayokula samaki kila siku? Wa tatu alikuwa kitatange wa milia ya buluu na manjano, mpana kama kiganja changu. Alimleta kaka yangu Mwaringa siku ya Jumamosi. Mwaringa anafanya kazi Kilifi, kwa tajiri anayepeleka samaki wa mapambo ng'ambo. Mzee Hilal alimwita samaki huyo Waziri, kwa sababu alizunguka tangi zima akikagua kila jiwe na hakuna kazi aliyoifanya.

Ijumaa iliyofuata niliingia sebuleni asubuhi na ufagio wangu, nikamkuta Waziri amelala ubavu chini kabisa, mashavu yakipanda na kushuka mbiombio. Bi Radhia alikuwa akinywa chai na dadake, Bi Raiya. Niliwaambia samaki ni mgonjwa. Bi Radhia hakumtazama samaki. Aliitazama mikono yangu.

"Mkono wako una kitu, Kabibi," akasema. "Wa kwanza kafa, wa pili kafa, na sasa huyu. Nyinyi watu wa Tezo mna mambo yenu. Sitaki hata kulitaja jina lake."

Hakulitaja, wala hapakuwa na haja. Bi Raiya aliuvuta mtandio mdomoni. Janet, mfanyakazi wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu cha sokoni, akainamisha macho. Janet naye kwao ni Tezo, nyumba ya nne kutoka kwa mama yangu.

Wako watakaosema hayo ni maneno ya wanawake tu, ningeyaacha yapite. Kwetu neno hilo halichezewi. Mama yangu ana miaka sabini na minane, kichwa chote cheupe, macho mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia maisha yake yote. Mzee wa namna hiyo akishasemwa, wako vijana wasiongoja ushahidi, hunoa panga. Na ukisikia binti ana mkono mbaya, swali la pili ni moja tu: kaurithi kwa nani? Bi Radhia alilitema neno lake pamoja na kokwa ya tende, kisha akajimiminia chai ya pili. Mimi nilibaki pale na ufagio nikimwona mama yangu.

Hasira ikanipanda. Nikasema jambo ambalo mfanyakazi hamwambii bibi yake.

"Nipe siku saba, Bi Radhia. Samaki akifa, nitatoka humu kwa miguu yangu mwenyewe. Akipona, utawaita wote wanaokuja hapa kwako, uwaambie kwa mdomo wako kwamba umenisingizia."

Bi Raiya akacheka. "Mchawi mpe mwana alee," akasema. Basi, jina likatajwa.

Mzee Hilal, ambaye tulimdhania amesinzia, alisema kutoka kitini kwamba nipewe hizo siku. Mkewe akainua mabega, akasema haya.

Nilimpigia Mwaringa simu nikiwa nimejificha jikoni. Sikumweleza yaliyosemwa, nilimuuliza dawa tu. Akacheka, akasema dawa ya samaki ni maji. Nimtoe tangini nimtenge, nimpe maji mapya, giza na hewa, nimbadilishie theluthi ya maji kila asubuhi, na nisimlishe mpaka aonyeshe kwamba anataka. Lakini maji mapya yatoke wapi? Mto Sabaki ulikuwa umefurika wiki ile, na bahari yote ya Malindi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Ikanibidi nimsihi Ngumbao, mwenye tuktuk, aende mpaka Mayungu kunijazia mitungi minne ya maji meupe, akenda akiniuliza njia nzima kwa simu kama nina akili zangu.

Maji niliyachuja kwa leso mbili. Beseni la kufulia nililisugua kwa maji ya chumvi na mchanga, maana Mwaringa alinionya kwamba mabaki ya sabuni yangemmaliza. Nikaliweka chini ya ngazi uani, nikalipachika pampu ndogo ya hewa ya akiba, nikalifunika kwa leso ya tatu. Waziri alikuwa hawezi hata kusimama wima. Nilitia mikono majini nikamshika katikati ya viganja, taratibu, maji yapate kumpita mdomoni, mpaka mgongo ukaniuma nikaketi chini kwenye sakafu.

Watu husema mgonjwa hutunzwa kwa mapenzi. Mimi nilimtunza kwa hasira. Kila nilipombadilishia maji nilikuwa nikimtukana Bi Radhia kimoyomoyo, na Bi Raiya, na mtandio wake, na samaki mwenyewe, ambaye bahari nzima ilimtosha akakubali kukamatwa na Mwaringa. Nilimwambia, ukifa nitakukaanga. Sikumpenda hata kidogo siku hizo za mwanzo, na sioni haya kulisema.

Jumatatu alisimama wima. Jumanne nilimkatia kamba vipande vyembamba kama ukucha uliokatwa, nikamwangushia kimoja. Akakitazama, akakizunguka kama anayekagua, akakila. Nikalia pale chini ya ngazi, na hata machozi yenyewe yalikuwa ya hasira, kwa sababu nilijua sasa nampenda, na sikuwa na nafasi ya jambo hilo.

Machozi hayajakauka, simu ikalia. Mwaringa hakuwa akicheka tena.

"Dada, umefanya nini huko Malindi?" akauliza. Janet alikuwa amekwenda kwao Jumapili. Jumatatu asubuhi mama alikwenda bombani na ndoo yake kama kawaida, wanawake wakamwambia angoje wamalize wote. Walipomaliza, mmoja akafunga bomba kwa kufuli akaondoka na ufunguo. Mama alikwenda kuteka kwenye bwawa la ng'ombe. Mwaringa alisema vijana wawili walipita mbele ya boma jioni ile bila kuamkia, wakasimama, wakatazama, wakaenda zao. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagwa mezani kwa chai.

Nilimpigia mama. Aliniambia yuko salama, bwawa halina neno, ng'ombe hunywa na hawafi. Nilitaka kuvunja kitu. Nikaenda nikafua mashuka yote ya nyumba ile, hata yaliyokuwa safi.

Jumatano Waziri alikuwa anakula mara mbili. Tangi nilikuwa nimekwisha kulisafisha na kulijaza maji ya Mayungu ya safari ya pili ya Ngumbao, nikamrudisha. Mzee Hilal alisogezewa kiti karibu na kioo, na siku nzima hakutaka hata redio. Aliniambia nimefanya kazi ya daktari. Nikamjibu kwamba sitaki sifa, nataka kesho ifike, maana kesho ilikuwa Alhamisi, na kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa mtaa huja kwa Bi Radhia kusoma Yasini. Wote niliowataka wasikie wangekuwa pale.

Walikuja kumi na mmoja. Bi Radhia alikoka makaa, akatia ubani na udi, akakiweka chetezo mahali anapokiweka kila Alhamisi, pembeni chini ya meza ya tangi, buibui za watu zisije zikashika moto. Wakaanza kusoma. Mimi niliingia na sinia ya kahawa na kaimati, macho yangu kwa Waziri, kwa fahari, nitakudanganyeni nini. Nikamwona amepanda juu kabisa ya maji, anahema. Kisha akaanza kuegemea upande.

Nikatazama chini. Pampu ya hewa ilikuwa sakafuni nyuma ya mguu wa meza, mwenye nyumba ndivyo alivyotaka, isionekane. Moshi wa chetezo, badala ya kupanda wote, ulikuwa unajipinda na kuingia pale. Pampu haina macho, huvuta hewa ya pale ilipo na kuisukuma majini. Alhamisi wanafukiza, Ijumaa namkuta samaki taabani. Wale wawili nao walikufa Ijumaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyevuliwa nguo.

Nilisimama na sinia. Nafsi yangu iliniambia: tulia, Kabibi. Uko mbali naye, mikono yako imeshika sinia, mashahidi ni kumi na mmoja. Muache afe mbele yao kwa udi wa bibi yao. Na nilitulia, wallahi nilitulia, nikimhesabia pumzi. Akageuka ubavu akaniangalia kwa jicho moja. Nikaiweka sinia chini, nikakibeba chetezo kwa mikono mitupu, kikaniunguza, nikakipeleka uani. Nikarudi nikaitoa pampu pale chini nikaipachika dirishani.

 Wanawake waliendelea kusoma huku wakinitazama, na dua ilipokwisha Waziri alikuwa amesimama wima, dhaifu, lakini wima. Nilifungua mdomo nieleze. Bi Raiya akaniwahi.

"Mmeona? Kamwendea tu, kafufuka," akasema. "Aliyefunga ndiye afunguaye."

Hapo ndipo nilipojua kwamba siku zile zote nilikuwa nikichimba kaburi langu mwenyewe. Angekufa, ni mimi. Amepona, ni mimi. Nikawaeleza habari ya pampu na moshi, polepole, mara mbili. Wote wakamgeukia Bi Radhia. Akazungusha pete kidoleni.

"Mungu ndiye ajuaye," akasema.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kwa maneno hayo matatu ya haki. Nilitoka uani nikakirudisha chetezo, mara hii nimekishika kwa tambara, nikampa mkononi.

"Mimi nakwenda kusimama barabarani," nikamwambia. "Pampu irudishwe chini, na wewe kiweke chetezo pale pale ulipokiweka. Kama ni mkono wangu, samaki hatadhurika."

 Mzee Hilal, ambaye hakuwa na kitu kingine cha kutazama duniani ila samaki yule, akasema, "Kiweke, Radhia."

Bi Radhia alisimama na chetezo, moshi ukimpanda usoni. Alimtazama mumewe, akamtazama Waziri. Alipiga hatua moja kuelekea mezani. Chetezo kikainama, majivu yakamwagika kwenye zulia.

"Sitaki kumuua," akasema.

Bi Raiya akatazama dirishani. Wengine wakatazama mapaja yao. Bi Radhia akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ni udi wake, na kwamba alinisingizia. Nilimwambia aseme tena, wa nyuma hawakusikia. Akasema tena. Sikuona raha yoyote. Mwanamke mmoja akanishika bega akaniambia, basi mwanangu, yamekwisha.

Hayakwisha. Wale kumi na mmoja hawateki maji Tezo. Neno lilitoka kinywani mwa Bi Radhia, na kinywa changu kingelikanusha mpaka kikauke bila mtu kusadiki, maana nani humsadiki mtuhumiwa? Nikamwambia kwamba gari la shemeji yake, yule aliyeachiwa duka, liko mlangoni, na tutakwenda mimi na yeye na Janet kwa mama yangu, na wale wanawake wa bombani wataitwa, na atayarudia mbele yao maneno aliyoyasema hapa.

Alinitazama kama niliyemwambia apande mnazi. "Kesho, Kabibi," akasema. "Leo nina wageni."

"Mama yangu ana kiu leo," nikamjibu.

Akamgeukia mumewe amsaidie. Mzee Hilal alikuwa amemgeukia samaki wake, na hakugeuka. Nikaenda mlangoni nikavitafuta viatu vyake kati ya viatu vya wageni, nikavileta, nikavipanga mbele ya miguu yake, nikasimama kungoja. Akavivaa.