Pipi ya Kwanza

Kijana wa jiografia alisema "chungwa" kabla pipi haijamkaa vizuri ulimini. Macho yake yalikuwa yamefungwa kwa shali, pua imebanwa kwa kibanio cha nguo, na bado jibu lilimtoka kama mtu anayetaja jina la mama yake.

Afroza aliandika jibu, akamtazama Dilruba. Dilruba alikuwa kwenye meza ya nyuma, mgongo wake kwao, na mabakuli yake matatu: pipi za chungwa, za embe bichi na za ukwaju. Kazi yake ilikuwa kuokota kura kikombeni, kutoa pipi iliyotajwa, kisha kuirudisha kura. Kazi ya Afroza ilikuwa kuandika. Walitaka kujua kama mtu aliyebanwa pua anaweza kutambua ladha, au anabahatisha tu.

"Umejuaje?" Afroza alimuuliza kijana.

"Nimeonja, dada. Si ndiyo kazi mliyoniitia?"

Pipi ya pili akakosa. Ya tatu akakosa pia, akacheka, akaondoka na kibanio puani hadi Dilruba alipomkimbilia kumnyang'anya.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu jana. Pipi ya kwanza, karibu kila mtu alipatia. Zilizofuata, walikosa ovyo ovyo. Ulimi gani huo unaoamka mara moja kisha unalala? Na kila mara, kabla ya pipi ya kwanza, Dilruba alimwinamia mwonjaji akamnong'oneza kitu sikioni.

Jana jioni Afroza alikuwa ameshindwa kuvumilia, akapanda hadi ofisi ya Mwalimu Monowara, msimamizi wa kazi yao.

"Nadhani mwenzangu anawaambia majibu," alisema.

Mwalimu alivua miwani. "Nadhani ni neno la watu wanaosubiri chai. Unajua au hujui?"

"Sijui bado, Mwalimu."

"Basi kesho baada ya swala ya adhuhuri mje wote wawili. Ukiwa na uhakika, jina lake nalitoa kwenye orodha ya mtihani, na mwaka atarudia. Mtu anayepika takwimu simpitishi, hata awe binti yangu."

Afroza hakulala vizuri. Mji wa Rajshahi ulikuwa katika lile joto la mwisho kabla ya mvua, maembe yanaivia sokoni na feni ya bweni inakatika kila saa. Kwenye kitanda cha pili Dilruba alikoroma kidogo, kama kawaida. Mdogo wake alikuwa nyumbani Natore akimsubiri amalize ndipo na yeye aje chuoni. Baba yao hakuweza kusomesha wawili kwa pamoja. Afroza alimjua mtoto yule. Na bado alijiuliza: kama anadanganya kwenye pipi, nyumba yetu nzima ya takwimu inasimama juu ya nini? Aliiamini elimu ile kwa moyo wote. Aliamini kwamba kuhesabu kwa haki ni namna ya kuwapenda watu.

Sasa, baada ya kijana wa jiografia kuondoka, walibaki wawili darasani. Afroza akasema kwa sauti nyepesi kuliko alivyojisikia, "Hebu nionje na mimi. Tuone."

"Wewe unazijua pipi zote."

"Nibane pua. Nitakuwa kama wengine."

Dilruba alimbana pua kwa kibanio, akamfunga shali. Afroza alilisogeza kidogo, akaacha tundu dogo chini ya jicho la kushoto, na moyo ulimdunda kwa aibu ya tundu lile. Alimsikia Dilruba akirudi mezani, akageuza kichwa taratibu.

Dilruba aliokota kura. Akaisoma. Akaikunja, akairudisha kikombeni bila kugusa bakuli lolote. Akaokota nyingine. Hii akaikubali.

Basi ni kweli. Dilruba akaja, akainama sikioni mwake, akanong'ona, "Sema Bismillahi."

Pipi ikaingia mdomoni. Afroza akavuta shali lote na kile kibanio.

"Nimekuona."

"Umeona nini?"

"Umerudisha kura. Ya kwanza ilikuwa nini?"

"Ukwaju," Dilruba alisema, bila hata kupepesa macho.

"Kwa nini umeirudisha?"

"We Afroza, una nini? Nikufungulie kinywa kwa ukwaju? Wiki ya mitihani?"

"Dilruba, ni jaribio hili."

"Najua ni jaribio. Lakini mtu ameacha vitabu vyake akaja kutusaidia, keshokutwa ana mtihani, halafu kitu cha kwanza nimtie kitu kichachu mdomoni? Akifeli? Nyumbani kwenu mgeni anaanza na nini?"

"Na kitamu," Afroza alijibu kabla hajafikiri.

"Haya. Mama yako mwenyewe wiki hii hapiki yai, kwa vile limeviringana, asije akakuletea sifuri ya mtihani. Mimi nimewapa cha kwanza kitamu, chungwa, basi. Ya pili na ya tatu nimetoa zilivyokuja, sijagusa."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Hata yule mwenye pua ndefu wa fizikia."

Afroza aliketi na pipi shavuni. Sekunde chache kabla, macho yamefungwa, alikuwa ametegemea ladha gani? Chungwa. Hakuna aliyemwambia. Wala kijana wa jiografia hakuambiwa. Alilelewa tu katika nyumba kama zao, na macho yake yalipofungwa alisubiri utamu kwanza, akautaja hata kabla haujafika.

"Umeharibu kazi yote," alisema taratibu.

"Kwa kura moja?"

"Kwa kura moja kila mara."

Dilruba alikitazama kikombe, na uso ukaanza kumbadilika. Hakuwa mjinga. "Ee Mola," alisema. "Kumbe hawakuonja."

"Hawakuonja."

Dilruba akalitazama shali lililokuwa mapajani mwa Afroza. "Ulikuwa unachungulia. Ulidhani nini?"

Angeweza kusema lolote. "Nilidhani unawanong'oneza majibu. Nimemwambia Mwalimu jana."

"Jana. Na usiku ukaniazima feni yako ya mkono."

"Ndiyo."

Dilruba akaelekea ofisini kwa Mwalimu. Ngazini alitembea mbele.

Mwalimu Monowara alisikiliza yote. Afroza alieleza kosa la kura, kisha akasema, Dilruba akiwa amesimama palepale, "Na nilichokuambia jana si kweli. Nilimdhania vibaya."

Mwalimu aliwatazama kwa zamu. "Tupilieni mbali majibu yote. Mwanze upya, hadi Alhamisi. Pamoja, au kila mtu peke yake?"

Afroza alimtazama Dilruba. Feni iligeuka juu yao. Dilruba alikuna kiganja.

"Pamoja, Mwalimu," alisema mwishowe. "Lakini safari hii pipi atoe yeye. Kuandika naandika mimi. Na kiti changu nitakiweka pale ninapoiona mikono yake."

"Sawa," Afroza alisema.

"Sijakuuliza wewe," Dilruba alisema, akamfungulia mlango atangulie kutoka.