Ngazi Isiyoshikwa

Mume wangu Joakim alikuwa na ugonjwa wa haraka. Kule Mbinga mjini, ambako tulisafisha madirisha ya maduka na ofisi, kila mara alizuka na ujanja mpya wa kumaliza mapema. Aliacha matambara na magazeti, akanunua mpira wa mpini, ule wa kuvuta maji kiooni. Hapo nilimsifu, maana kioo kilitakata chapuchapu bila michirizi. Kisha akaanza kunitazama mimi ninavyoshika ngazi.

"Mama Flavia, hiyo mikono yako imekaa bure," alisema. "Ungekuwa unafuta vioo vya chini, tungekuwa tumeshafika nyumbani."

Sisi Wamatengo tunalima kwa ngoro, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia udongo usiporomoke na mvua. Joakim akachimba vishimo viwili, akazamisha miguu ya ngazi humo, akashindilia. Kweli, kwenye udongo wetu mwekundu ngazi ilisimama kama nguzo ya umeme.

"Babu zetu walishika mlima mzima kwa mashimo," akasema, "mimi nishindwe kushika ngazi?"

Nilicheka naye, lakini moyo wangu haukucheka.

Ndipo tukaitwa ziwani, upande wa Lundo, kwenye nyumba mpya ya wageni ya ghorofa moja. Ukumbi wa chini ulikuwa na kioo kikubwa kutoka sakafuni hadi darini, kikitazama Ziwa Nyasa. Msimamizi, dada mmoja mkali aitwaye Luisa, alituambia wageni wa jubilei ya padri wangefika jioni. Kioo cha ukumbini tulikifuta kwa nje, kisha Joakim akasogea pembeni yake, chini ya madirisha ya juu, akachimba vishimo vyake. Mchanga ulichimbika kirahisi mno. Sikuupenda urahisi huo.

"Baba Flavia, hapa si kwetu. Niache nishike."

"Nenda ndani bwana, kazi ni nyingi."

Nilishika hivyo hivyo. Alipanda na ndoo yake, akaanza. Maji ya sabuni yakateremka ukutani, yakaingia moja kwa moja kwenye vishimo. Mchanga ukalainika kama uji. Nikaona mguu wa kulia wa ngazi ukididimia.

"Shuka! Ngazi inazama!"

Alishuka, akatazama, akatia mawe kishimoni na kuyakanyagakanyaga. "Haya, kimeshiba," akasema, akapanda tena. Sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo ilinijia mdomoni nikaimeza, maana haisemwi kwa mtu aliye juu ya ngazi.

Luisa akatokea mlangoni. "Mama, umesimama tu hapo? Kile kioo kwa ndani atakifuta nani?"

"Nimeshika ngazi, dada."

"Nenda, Mama Flavia," Joakim akasema kutoka juu. "Unaniaibisha mbele za watu."

Nilikwenda, nimekasirika. Nilikisugua kile kioo kana kwamba ndicho kilichonitukana. Maji yaliendelea kuchuruzika huko nje, nikayasikia, nikazidi kusugua ili nimalize nirudi kwake. Nilipovuta maji ya mwisho, nilirudi nyuma hadi ukuta wa pili, kama mfutaji yeyote anavyofanya, kutafuta michirizi. Haukuwepo hata mmoja. Niliona ziwa, mawe na mchanga, kama vile hakuna kitu kilichosimama kati yetu.

Kwanza kivuli kilisogea mchangani. Kisha ngazi yenyewe ikaingia kutoka kushoto, imelala upande, taratibu, na Joakim juu yake, mpira mkononi, mkono wa pili ukipapasa ukuta na kukosa pa kushika. Alinitazama. Mume wangu huyo mbishi, uso wake ulikuwa unaniomba nimshike.

"Baba Flavia!"

Nikatupa tambara, nikamkimbilia nimdake. Nilikwenda moja kwa moja kwake kwa nguvu zangu zote. Kioo kikanipiga uso mzima, nikaanguka chali.

Nilipoinuka, damu zikinitoka puani, alikuwa amelala mchangani upande wa pili, karibu kabisa nami, shingo imekaa vibaya, nami nikawa napapasa kioo nikitafuta mlango.