Koti Lililopanda Cheo

"Mara tatu nakuuliza, ulikuwa wapi leo—"

"Na mara tatu nakujibu, nilikuwa hapahapa—"

"—maana fundi lifti si kipofu—"

"—na mtoto mgongoni, kama huamini muulize—"

"Ana mwaka na nusu! Nimuulize nini?"

"Basi kamuulize huyo fundi lifti wako. Si ndiye anayejua wake za watu wako wapi?"

Mume alikuwa fundi vigae, na alikuwa amerudi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Rafiki yake, anayetengeneza lifti katika jengo la kampuni ya bima, alimwambia kwamba shemeji huonekana kazini kila siku, ghorofa ya nne, ndani ya koti lake la kijivu, akitembea na bosi koridoni bega kwa bega. Na shemeji huyohuyo siku zote husema anafanyia kazi nyumbani.

"Aliniona uso?" mke akauliza.

"Aliona koti."

"Nakuuliza uso."

Mume akafikiri. "Uso hakuutaja."

Mke hakuendelea kubishana. Alikuwa mkaguzi wa madai. Kazi yake ilikuwa kutazama picha za magari yaliyogongwa na kusema lipi limegongwa kweli na lipi limepigwa nyundo na mwenyewe uani. Shaka ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Na koti la kijivu analo kweli, ila hakuwa amelivaa tangu ajifungue.

Katika ofisi ile kulikuwa na mazoea ya miaka mingi: mtu akitoka kidogo, anaacha koti kwenye kiti. Bosi akipita akiona koti, anajua mwenyewe yuko karibu, labda msalani. Wapo waliokwenda harusini na kurudi huku koti likiwashikia zamu. Wenyewe walikuwa na msemo wao: koti lipo, mtu yupo. Uchungu ulipomshika, mkaguzi aliliacha la kwake kitini bila hata kufikiri, akashuka na lifti akiwa ameshikilia ukuta. Likizo ya uzazi ilipoisha aliomba afanyie kazi nyumbani. Mwanawe, ambaye kila mtu alimwita Kipipa kwa sababu ya tumbo, alikuwa anabanwa kifua, na mama yake peke yake ndiye aliyejua tofauti kati ya mluzi wake wa kucheza na mluzi wake wa kukosa pumzi. Wasaidizi wawili wa nyumbani walishindwa kuutofautisha. Mmoja alidhani mtoto anaimba.

Akampigia simu dada wa mapokezi.

"Shoga, nani anavaa koti langu?"

"Hakuna anayelivaa," dada wa mapokezi akajibu huku akitafuna kitu. "Linajiendea lenyewe."

"Linajiendea wapi?"

"Mikutanoni. Koridoni. Asubuhi tukifika tunalikuta limeshaamka, linatusalimia kwa mkono. Halisemi, lakini linasikiliza vizuri sana, limeinama mbele hivi. Watu wazima wachache wanasikiliza vile."

"Na kazi?"

"Kazi si unafanya wewe?"

Mkaguzi akakata simu. Hakushangaa; alikasirika tu kwamba hakuna aliyemwambia.

Kesho yake akambeba Kipipa mgongoni, akaenda. Dada wa mapokezi akampa kibandiko cha mgeni, akambusu mtoto, akaangalia pembeni. Ghorofa ya nne watu walikuwa wakiongea, wakapunguza sauti. Koti lilikuwa kwenye kiti chake, mikono miwili mezani, kompyuta imezimwa.

Akaligeuza kola kama anavyokagua bampa. Bitana ilikuwa na ule mshono wa uzi mweusi alioushona mwenyewe. Lilikuwa lake. Akatia mkono wake kwenye mkono wa koti mpaka kwapani. Hamkuwa na mtu. Kulikuwa na joto. Koti likajivuta pembeni kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyeshikwa na asiyemjua.

"Ah, karibu, karibu!" bosi akasema, akitokea nyuma yake. "Tumekukosa sana."

"Bosi, nimekuja kuhusu ile nafasi. Mkuu wa Kitengo cha Madai. Niliomba tangu mwezi uliopita."

"Ndiyo. Kwa kweli mmebaki wawili."

"Mimi na nani?"

Bosi akalitazama koti. Koti likakaa wima.

"Ripoti mnazosoma hapa naandika mimi," mkaguzi akasema.

"Na ni ripoti safi! Hilo hakuna anayelipinga. Lakini uongozi ni kuonekana, mama. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Sasa hili," akalipigapiga begani, vumbi kidogo likaruka, "hili limekuwapo. Halijachelewa hata siku moja. Halijaniambia mtoto anaumwa."

"Halina kichwa, bosi."

"Tumeliona hilo. Tutalipeleka mafunzo."

Akamweleza wazi: kama anaitaka nafasi, Jumatatu awe kitini, na kila siku baada ya hapo. Kama hawezi, aendelee kukagua akiwa nyumbani, hakuna ubaya, kila mtu ana majukumu yake. Alisema hayo kwa upole mkubwa. Mkaguzi alishawahi kuona upole wa namna hiyo, kwa wenye magari yaliyopigwa nyundo.

Alipotoka alilichukua koti, akalikunja mkononi. Mlinzi wa getini akamsimamisha.

"Hilo haliwezi kutoka, mama. Lina kitambulisho cha kazi."

"Ni koti langu."

"Sikatai. Lakini saa za kazi hazijaisha. Mfanyakazi hatolewi amekunjwa."

Koti likajikunjua, likapanda ngazi.

Nyumbani alimsimulia mumewe kila kitu. Mume akasikiliza huku akikwangua saruji kwenye kucha. Aliamini upesi kuliko alivyoamini kwamba mkewe alikuwa nyumbani.

"Lina mfuko wa ndani?" akauliza.

"Linao."

"Basi mimi naliogopa. Kitu chenye mfuko wa ndani kina siri." Halafu akasema, "Nenda Jumatatu. Mimi nitabaki na Kipipa. Nafasi hiyo ni yako, mke wangu, ukikaa kimya utakuja kuamkia nguo."

Jumatatu akaenda. Kiti chake kilikuwa kimekaliwa, akapewa cha plastiki pembeni. Alifanya kazi vizuri. Kabla ya chai alishamkamata mteja aliyedai amegonga ng'ombe, ilhali kwenye picha taa ilivunjika kutoka ndani. Koti lilikuwa linamtazama. Lisingeweza kumtazama, halina macho, lakini mkaguzi alijua anapotazamwa. Saa nne simu ikaita.

"Mama Kipipa, mtoto anapiga mluzi," mume akasema. "Nadhani amefurahi."

"Nisikilizishe."

Akasikiliza. Akasimama, akachukua mkoba. Bosi alikuwa mlangoni na wageni wawili, akaangalia saa. Mkaguzi akapita katikati yao, akashuka ngazi mbilimbili, kwa sababu lifti ilikuwa inatengenezwa na fundi lifti, ambaye alimpungia mkono na kusema, "Shemeji! Leo una uso!"

Kipipa alipewa dawa ya kuvuta, akapona kufikia mchana. Jioni ya siku hiyo koti likapandishwa cheo.

Likapewa chumba chenye mlango wa kioo. Kila ripoti ya mkaguzi ilianza kupitia kwake, ikarudi na alama ya kifungo iliyogandamizwa chini, kuonyesha imesomwa. Baadaye ukaja ujumbe kwamba mkuu wa kitengo anataka wanaofanyia kazi nyumbani waache kamera wazi. Mkaguzi akaiacha wazi. Kila alipoinua macho kwenye kioo cha kompyuta aliona kola ya kijivu, imeinama mbele, inamsikiliza akimwogesha mtoto.

"Linatupeleleza," mume akasema, akipita kwa kuchutama nyuma ya kochi.

"Linasimamia."

"Kuna tofauti?"

Mkaguzi alikuwa anakagua lori. Siku hizo alikagua hata vitu ambavyo havikuwa kazi yake: mlango, dirisha, tabasamu la jirani. Usiku aliondoa nguo zote zilizoning'inia kwenye viti vya nyumbani, akazifungia kabatini.

Kikao cha mwisho wa mwezi kilifanyika kwa video, watu wote wa ghorofa ya nne wakiwa wamezunguka meza, mkaguzi akiwa kwenye kioo cha ukutani na Kipipa mapajani. Bosi alikuwa na ajenda moja. Kuanzia sasa, alisema, anayefanyia kazi nyumbani atabaki na cheo alichonacho, awe anafanya vizuri kiasi gani. Si adhabu. Ni utaratibu tu. Watu wakatazama kucha zao. Dada wa mapokezi, aliyekuwa anamimina chai, akaacha kumimina. Mkaguzi alifungua mdomo, akakuta sauti yake imezimwa kutoka upande wa pili.

"Mkuu wa kitengo aunge mkono, tufunge," bosi akasema. Alimchagua mkuu wa kitengo kwa sababu hajawahi kupinga kitu.

Koti likasimama. Likaweka mkono mmoja mezani. Mwingine likauweka tumboni, pale kitambaa kilipokuwa kinavutana na kifungo. Na koti hilo, ambalo tangu liamke halikuwa limetamka neno, likasema kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu ambaye hajalala vizuri:

"Bosi, naomba likizo ya uzazi. Na ikiisha, naomba nifanyie kazi nyumbani."